Paswadi ya Mwalimu Mkuu

Mwalimu Evodia hakuwahi kukaa mbele ya kompyuta akiwa na viatu miguuni. Akiingia kwenye stesheneri ya Yasmin alivuta kiti cha plastiki, akainama taratibu kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka, akafungua sandali zake na kuzisogeza kando ya ukuta. Sakafu ilikuwa saruji tupu. Wateja wengine waliikanyaga na tope lao la mvua, wakatoa kopi za vyeti, wakaenda zao. Yeye alituliza nyayo zake juu ya ubaridi ule, na ndipo aliponyoosha mkono kwenye kibodi.

"Ma Evodia, vaa viatu, utapata homa," Yasmin alimwambia, tena si mara moja.

"Niache, waitu," alijibu kwa Kihaya cha kubembeleza. "Nikivaa nakosea."

Desturi hiyo aliitoa kwenye semina. Miaka ya nyuma walimu wa shule za msingi walikusanywa katika sekondari moja yenye chumba cha kompyuta, ili nao waone. Mlangoni alisimama mlinzi, akawaamuru wote wavue viatu kwa kuwa vumbi huua mashine. Wakaingia pekupeku, watu wazima wenye watoto wa kuoza, wakasimama nyuma ya viti huku mkufunzi akielekeza kwa rula. Jioni wakasaini mahudhurio wakatawanyika. Hakuna aliyegusa hata kitufe. Katika semina nzima, kitu pekee alichokifanya Evodia kwa mikono yake kilikuwa kuvua viatu, na hicho ndicho kilichomkaa.

Yasmin alikuwa mtu wa Bukoba mjini, binti wa fundi cherehani. Alisomea uhazili chuoni, akafanya kazi katika ofisi mbili tatu, kisha akafungua stesheneri yake mtaa wa nyuma ya soko: kompyuta mbili, mashine ya kopi, na printa iliyong'ang'ania karatasi mpaka uipige kofi ubavuni. Jumamosi mchana, wateja wakipungua, alifundisha kompyuta. Wanafunzi wake walikuwa wasichana waliomaliza kidato cha nne, wanaosubiri kitu ambacho wenyewe hawakukijua. Evodia alikuwa na umri wa kuwazaa.

Kazi yake ilikuwa Ngenge, kule Muleba, shule ya msingi, darasa la tatu na la nne. Mumewe, Josia, aliishi Nshambya, hapohapo Bukoba, kwenye kibanja cha migomba alichoachiwa na baba yake. Tangu mtoto wao wa mwisho aanze shule waliishi hivyo, mke huku, mume kule, ndoa ya Jumamosi na Jumapili. Evodia aliomba uhamisho kwa barua hadi akachoka. Barua nyingine zilijibiwa kwamba hakuna nafasi, nyingine hazikujibiwa, na yeye akazoea, kama mtu anavyozoea jiwe kwenye wali.

Josia alikuwa seremala na mwimba besi katika kwaya ya usharika wao wa Kilutheri. Kisha kisukari kikaanza kumla macho. Mwanzoni alishindwa kusoma nota, akalaumu taa za kanisa. Halafu akaanza kupima mbao kwa kupapasa. Daktari akasema la kushoto limekwenda, la kulia linafuata polepole, na kwamba chakula chake kiangaliwe, na dawa za matone ziwekwe kwa saa zake bila kuruka.

"Sasa uhamisho hauombwi tena kwa barua," Evodia alimwambia Yasmin siku ya kwanza. "Unaombwa humu ndani." Akaigusa kompyuta kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima pasi. "Mwaka jana niliombewa na mwenzangu, akakosea wilaya. Safari hii naomba mwenyewe. Mwanangu, nataka nifike nyumbani Ta Josia angali ananiona."

Basi wakaanza. Na maswali yakaanza.

"Nikizima, maneno yangu yanalala wapi?"

"Yanalala kwenye folda, kama umeyahifadhi."

"Na kama sikuyahifadhi, yanakwenda wapi?"

"Hayaendi popote, Ma Evodia. Inakuwa kama hukuyaandika."

Evodia akaitazama kompyuta kama aliyepokea habari ya msiba wa mtu asiyemfahamu vizuri.

Siku nyingine aliandika jina la mama mkwe wake, Kokubanza, na papo hapo mstari mwekundu ukajichora chini yake. Akafuta. Akaandika tena, herufi kwa herufi. Mstari ukarudi.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mashine haimjui Kokubanza."

Evodia akavua miwani. "Haimjui? Kagera nzima inamjua! Na kalamu nyekundu hapa ni yangu mimi, nimeilipia ada ya chuo. Hii imetoka wapi, ya kuja kunisahihishia mama mkwe?"

Wasichana wakacheka hadi mmoja akamwaga soda karibu na waya, na Yasmin akapiga kelele kwa wote.

Halafu kulikuwa na ile Jumamosi aliyoita kwa sauti ya hofu ya kweli: "Yasmin, njoo! Watoto wangu wa darasa la nne wamegeuka wavu wa dagaa!" Katika jedwali alilokuwa akijaza, tarehe zote za kuzaliwa zilikuwa zimegeuka vialama vya misalaba iliyosongamana, kisanduku baada ya kisanduku. Yasmin akashika mausi, akaupanua ule mkanda wa visanduku kidogo, na tarehe zikarudi zote.

"Kumbe hawakupotea," Evodia alisema. "Walibanwa tu."

Watu huyacheka maswali ya wanaoanza. Yasmin hakuyacheka. Akiwa peke yake na printa yake, aliyarudia, akagundua kwamba mengi ya hayo hata yeye hakuwahi kujibiwa. Alikuwa amezoea tu. Alijua pa kubonyeza, na kujua pa kubonyeza kulimfanya aache kuuliza.

Ila kijijini ujuzi ni kama panga zuri, majirani wote wataliazima. Shule ya Evodia ilikuwa na laptopu moja iliyofungiwa kabatini, na Mwalimu Mkuu, Byabato, mzee mpole aliyekaribia kustaafu, alikuwa akiibeba kwenye kikapu hadi Muleba mjini kumtafuta mtu wa kumjazia takwimu. Walipogundua kwamba Evodia anaweza, kikapu kikapumzika. Mahudhurio yakawa yake. Alama za mitihani zikawa zake. Walimu wenzake wakamfuata hadi jikoni: mwalimu, yangu imeganda, mwalimu, nimeandika yote kwa herufi kubwa sijui nimegusa wapi, mwalimu, likizo yangu inaombwaje? Naye hakujua namna ya kumwambia mtu sitaki. Hakulelewa hivyo.

Kisha siku moja Byabato alimwita ofisini, akafunga mlango, akampa paswadi yake. Kila jambo la shule lilipitia kwenye akaunti ya Mwalimu Mkuu, na yeye alichoka kusimama nyuma ya kiti akiangalia. Alipompa, akaingiza mkono mfukoni akatoa akamwani, ile kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na majani ikakaushwa, ambayo nyumba ya Mhaya humpa mgeni kabla ya maneno. Akachagua tunda moja, akalipasua ganda kwa ukucha. Ndani mlikuwa na punje mbili. Moja akampa Evodia, ya pili akaitia mdomoni.

"Wazee wetu walisema waliogawana ganda moja hawadanganyani," alisema.

Evodia alimsimulia Yasmin habari hiyo huku akicheka. "Nikamwambia, Mwalimu Mkuu, hii ni paswadi, si udugu wa kuchanjana. Akasema, siku hizi tofauti yake ni nini? Mimi Mlutheri kama wewe, akasema, lakini sina njia nyingine ya kukwambia kwamba nakuamini."

"Na ukatafuna?" Yasmin aliuliza.

"Sasa ningeitema?"

Dirisha la uhamisho lilipofunguliwa, Evodia alikuja na vyeti vyake ndani ya bahasha ya plastiki. Alijaza kila kitu kwa mkono wake. Yasmin alisimama nyuma, mikono ameikunja kifuani ili isimponyoke. Wilaya aliisoma kwa sauti mara kadhaa kabla ya kuichagua. Mwisho kompyuta ikamwambia kwamba ombi lake limetumwa kwa mkuu wake wa kazi. Evodia akapiga makofi, akaagiza maandazi kwa wasichana wote, akavaa sandali zake akaenda Nshambya kumwambia Josia kwamba barua imeondoka, na safari hii haina stempu.

Jumatatu, kule Ngenge, alifungua akaunti ya Mwalimu Mkuu ili aingize mahudhurio. Akakuta jina lake mwenyewe. Evodia Josia, ombi la uhamisho, linasubiri. Chini yake vitufe viwili, cha kijani cha kukubali, na chekundu.

Alimwendea Byabato akamwambia. Byabato alikuwa anahesabu majembe. "Nimeliona," alisema, ingawa Evodia aliamini mzee hawezi kuifungua akaunti ile mwenyewe. "Nipe muda, mwalimu."

Muda ukapita. Kila asubuhi Evodia alifungua akaunti ile, akaingiza waliokuja na wasiokuja, na kila asubuhi jina lake lilikuwa pale likimtazama. Hakulazimika kulitafuta. Ilibidi alipite ili afike kwenye kazi.

Jumamosi iliyofuata alikaa mbele ya kompyuta ya Yasmin, wala hakuiwasha.

"Yasmin, mtu akibonyeza pale pa kukubali, mfumo unaandika nani amebonyeza?"

"Unaandika mwenye akaunti."

"Si mwenye kidole?"

"Mfumo haujui vidole, Ma Evodia."

Yasmin alikwisha kujibu ndipo alipolielewa swali. Alipunguza sauti ya redio. "Mimi ningebonyeza," alisema.

"Najua."

"Unanisema?"

"Nakusifu, mwanangu."

Badala ya kubonyeza, Evodia akabuni njia ya mwalimu. Alimshawishi Byabato aje Bukoba naye ajifunze. Akijua mwenyewe, alisema, atafungua mwenyewe, ataliona mwenyewe, na mtu akiona jambo kwa macho yake hawezi kusema nipe muda. Byabato alikuja kweli, amevaa koti, akakalia kiti cha plastiki, akashika mausi kama mtu anayeshika kifaranga. Akiambiwa abonyeze mara mbili, alibonyeza mara moja, akasubiri, akatazama dari, ndipo akabonyeza tena. Akiambiwa kushoto, mausi ilikwenda hadi ukingoni mwa meza ikadondoka.

"Mwalimu Mkuu, hata watoto wa awali wangekushinda," Evodia alisema, akaenda duka la dawa kumchukulia Josia matone kabla hawajafunga.

Yasmin alikuwa kwenye mashine ya kopi, amempa mzee yule mgongo. Alisikia mausi ikilia mara mbili, haraka, sawasawa. Akageuka. Byabato alikuwa ameshaifungua barua ya mazoezi aliyoachiwa, ameihifadhi kwa jina jipya, na sasa alikuwa akisahihisha kosa la tarehe ambalo Evodia mwenyewe hakuliona. Macho yao yakakutana.

"Umeona," Byabato alisema.

"Nimeona."

"Nilijifunza kwa kumtazama yeye. Binti yangu, nikijua mimi, yule ataondoka."

Yasmin akaacha kopi za watu. "Mwalimu Mkuu, mume wake anapofuka."

"Nimekula kwa Josia. Kitanda ninacholalia alikichonga yeye." Akaiweka mausi chini kwa uangalifu. "Shule yangu ina walimu wa kuhesabu kwa mkono mmoja na watoto wa kujaza kanisa. Akiondoka mtu, haletwi mtu. Darasa la tatu atalichukua nani? Sijamkatalia."

"Wala hujamkubalia."

"Kumkatalia ni dhambi. Kumkubalia, Jumatatu nitasimama mbele ya wale watoto niwaambie nini?" Alitazama nje, ambako mvua ilianza kunyesha juu ya mabati ya soko. "Paswadi ninayo na yeye anayo. Sijaibadilisha. Akibonyeza, sitamuuliza. Lakini kidole changu hakiendi."

Evodia aliporudi na dawa, alimkuta Mwalimu Mkuu akiangusha mausi.

Yasmin aliibeba siri ile wiki nzima, akaona haifai kubebwa. Jumamosi, siku chache kabla dirisha halijafungwa, akamwambia Evodia yote: kwamba mzee anajua, kwamba anajifanya, kwamba akibonyeza hataulizwa. Alidhani atakasirika. Evodia alicheka, kicheko kifupi.

"Kumbe kifaranga kile kilikuwa jogoo."

"Sasa si amekuruhusu, Ma Evodia? Bonyeza, uende kwa mumeo."

"Amekuruhusu wewe. Mimi hajaniambia." Akachezea mfuniko wa kichupa cha dawa. "Ruhusa ya kunong'ona nyuma ya mgongo, Yasmin, mtu hawezi kuhamia nayo nyumbani. Nitalala nayo. Josia ataniuliza, walikuachiaje? Nitasema nini? Kwamba nilijiachia?"

"Useme Mwalimu Mkuu alikubali. Si uongo."

"Si uongo. Lakini si kweli pia." Kisha akasema, kama anayejisemea, "Angeificha hiyo paswadi, ningeiiba. Nakuapia, ningeitafuta hadi chini ya godoro lake. Lakini alinipa mkononi, nikatafuna."

Habari ya siku ya mwisho Yasmin aliisikia baadaye, na Evodia aliisimulia bila kupamba. Mchana ule alikuwa ofisini, laptopu iko wazi mbele yake, ukurasa uko palepale. Byabato alisimama akasema anakwenda kukagua bustani ya shule. Bustani yenyewe ilikuwa matuta machache ya mchicha. Alikaa huko hadi watoto wakaondoka, hadi mbuzi wakarudishwa, hadi kivuli cha mlingoti wa bendera kikalala uwanja mzima. Evodia alimwona dirishani, amesimama katikati ya mchicha, mgongo ameielekezea ofisi, hatazami mchicha wala kitu kingine. Mshale wa mausi aliufikisha juu ya kijani. Aliuacha hapo, akaondoa mkono, akauweka mapajani. Kisha akaurudisha, akausogeza mshale hadi kwenye mahudhurio, akaingiza majina.

Byabato alikohoa kabla ya kufungua mlango. Aliingia, akatazama skrini, akamtazama Evodia. Mzee alikaa, akatoa akamwani mfukoni, akaziangalia kiganjani, akazirudisha. Asubuhi iliyofuata lile jina halikuwepo tena kwenye ukurasa. Dirisha la uhamisho lilikuwa limefungwa, na maombi yasiyoguswa yalikuwa yameondolewa. Waliendelea kufanya kazi pamoja, wakisalimiana vizuri, wakiachiana njia mlangoni. Byabato alianza kuingiza mahudhurio mwenyewe siku za Ijumaa, hadharani, kwa vidole viwili vyepesi, ili Evodia awahi basi la Bukoba mapema. Hicho ndicho alichoweza kutoa.

Yasmin alimwona Evodia kwa mara ya mwisho wakati wa masika. Baada ya hapo Jumamosi zake zote zilikwenda moja kwa moja Nshambya, na njia ya sokoni haikuwa njia yake tena. Siku hiyo aliingia ameloa mabega, akafanya kama alivyofanya siku zote, akaketi. Akasema jicho la kulia la Josia bado lina mwanga kidogo, lakini wa kubagua, vitu vikubwa tu. Juzi aliweka matone ya jioni asubuhi, macho yakawaka siku nzima, na hakumwambia mtu hadi mkewe alipofika.

"Jirani anapita mchana tu," alisema. "Asubuhi na jioni yuko peke yake. Nataka kumbandikia ukutani, kila dawa chini ya neno lake. Nifundishe, herufi zinakuzwaje?"

Yasmin akamwonyesha. Evodia akaandika ASUBUHI, akaichagua, akafungua ile orodha ya ukubwa, akashuka hadi namba ya mwisho. Neno likakua, likajaza upana wa karatasi.

"Ndiyo mwisho wake?"

"Unaweza kuandika namba yako mwenyewe pale juu. Lakini litakatika, litashuka mstari wa pili."

"Likikatika hataweza kulisoma."

"Basi tuweke herufi moja. A ya asubuhi, J ya jioni. Kila moja karatasi yake."

Evodia akafuta taratibu, kutoka nyuma, hadi ikabaki A peke yake katikati ya weupe. Akaandika namba kubwa. Herufi ikapanda. Akarudi nyuma kwenye kiti, akafumba jicho la kushoto, akakaza la kulia kana kwamba anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Yasmin akauliza kama aprinti sasa, na mkono wake ulikuwa tayari ubavuni mwa printa.

"Bado," Evodia alisema. "Ongeza tena, mwanangu. Karatasi bado ina nafasi."